Jinsi ya kuchora Bagamoyo mpaka mwenyeji aitambue, kuanzia penseli hadi rangi

Kuchora sehemu inayojulikana na kila mtu ni kazi ngumu kuliko kuchora sehemu ya kubuni, na wengi hawalijui hili mpaka waingie wenyewe. Ukichora mlima wa kichwani kwako hamna atakayekuja kukwambia umekaa vibaya, ila chora Ngome Kongwe alafu uwaonyeshe watu wa Dunda, kata ya hapahapa Bagamoyo, utaulizwa mbona ukuta mfupi na ule mti umeupeleka wapi. Na wanaouliza wako sahihi, wanapita pale toka wadogo. Kwaiyo mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuchora maeneo ya mji wetu na mwenyeji akiona aseme ahaa hapa ni pale. Sio lazima uwe umesoma TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (ingawa kama una nafasi ya kusoma pale kasome, chuo kipo toka 1981 kilipoanza kama Chuo cha Sanaa na hamna haja ya kupanda basi kwenda Dar kutafuta mwalimu). Wa Tanga na Pangani mnaweza kuufuata hivihivi mkabadilisha majina tu, pwani ni ileile.

Vitu vya kubeba

Usianze na rangi. Narudia, usianze na rangi. Anza na penseli tatu, HB ya mistari ya mwanzo, 2B, na 6B ya vivuli vizito, raba, kiwembe cha kuchongea, na daftari la kuchorea lenye jalada gumu ambalo utaliweka magotini bila meza. Ongeza klipu mbili za kubana karatasi sababu upepo wa kusi ukianza, kuanzia kama mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa, utakimbiza karatasi yako mpaka soko la samaki. Stuli ndogo ya kukunja, kofia, chupa mbili za maji, moja yako na moja ya brashi, usichanganye.

Alafu chukua kipande cha boksi ukate dirisha katikati, sentimita 10 kwa 15 kama karatasi yako ni 20 kwa 30, muhimu uwiano ufanane. Hiki kiboksi kitakuokoa kuliko penseli ya bei kubwa, ntaeleza mbele kidogo.

Rangi ukishafika huko, za maji au za akriliki zote zinafaa. Mi napendelea akriliki kwa sababu inakauka haraka na inashika kwenye kitambaa, ila rangi ya maji ni nyepesi kubeba na inafaa sana kwa anga na bahari. Kwa rangi ya maji tafuta karatasi nene ya gramu 300, zile nyembamba unyevu wa pwani tu peke yake unazikunja kabla hujaweka brashi. Uibandike kwenye ubao kwa masking tepu pande zote nne.

Hatua ya kwanza: chagua kitu kimoja, alafu chagua upande

Mtu akifika Bagamoyo anataka achore vyote, Boma, Kanisa, magofu ya Kaole, ngalawa, mnazi, na jua linazama baharini. Sasa hilo la jua ndo linalonichekesha kila nikiliona kwenye picha za kuuza, bahari yetu iko mashariki jamani, jua kwetu linatoka baharini asubuhi, jioni linazama nyuma ya mji. Ukichora jua jekundu linazama kwenye maji ya Bagamoyo, mtalii atanunua na mwenyeji atacheka.

Chagua kitu kimoja. Kama ndo unaanza nakushauri Ngome Kongwe, ilijengwa 1860 na ina kuta pana zenye maumbo makubwa yanayoeleweka, haikuhangaishi na urembo mdogomdogo. Boma la Wajerumani la 1897 ni zuri sana lakini lina matao, na matao ni darasa jingine. Kule Misheni kuna mnara wa kanisa la kwanza lililojengwa 1872, ndo walipoulaza mwili wa Livingstone Februari 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kutoka bara, alafu kuna kanisa kubwa jipya lililojengwa 1910 mpaka 1914, na nyumba ya mapadri, na barabara ya miembe. Pale Misheni peke yake unaweza kufanya kazi mwaka mzima usimalize.

Ukishachagua kitu, kizunguke. Zunguka chote bila kuchora kitu, ukiwa na kile kiboksi chako, funga jicho moja uangalie kupitia dirisha, sogeza mbele, rudi nyuma. Unatafuta upande ambao mtu wa hapa amezoea kukiona akiwa anapita. Hapa nina msimamo wangu na wapo wasanii wasiokubaliana nao, wanasema tafuta pembe ambayo hamna aliyewahi kuiona. Sawa, hiyo fanya baadae. Kwanza chora upande wa mapito ya watu, sababu kumbukumbu ya watu iko pale, na hapo ndo utajua mkono wako unasema kweli au unadanganya.

Hatua ya pili: angalia jua, na kama ni ufukweni angalia maji

Kuta zinazoangalia bahari zinapigwa na jua asubuhi, mchana zinafubaa, jioni ziko kivulini kabisa. Kwaiyo kama unataka kuchora majengo ukiwa umesimama upande wa ufukweni nenda saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Jioni geuka, kaa na mgongo kwa mji, chora vyombo na bahari, jua litakuwa nyuma yako linavimulika vizuri, hilo la jioni ni kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, na giza kwetu likianza halisubiri mtu.

Mchana wa saa sita usichore nje, labda unafanya mazoezi ya mistari tu. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa, vivuli vinakuwa chini ya miguu ya vitu, jengo linaonekana bapa kama limebandikwa. Na kuna kingine watu hawakiangalii, mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini kwaiyo ukuta unaoangalia kusini unabaki na kivuli kutwa nzima, Desemba inageuka kinyume chake. Ukianza picha Juni ukaja kuimalizia Desemba kwa kuangalia jengo lenyewe utajikuta una majua mawili kwenye picha moja.

Maji sasa. Ngalawa zilizolala ubavu kwenye mchanga, ile picha ambayo kila mtu anaitaka, inapatikana maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yetu yanakupwa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, hayashuki sana kwaiyo usitegemee kuona mchanga mwingi. Ukiwa huna uhakika muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila hata kuangalia simu. Shida ni kwamba saa nne jua limeshapanda, kwaiyo ukitaka maji yaliyotoka na jua la chini kwa pamoja chagua siku mbili tatu kabla ya bamvua yenyewe, maji yanakuwa yameshatoka vya kutosha saa mbili na nusu au saa tatu.

Hatua ya tatu: kaa sehemu yako vizuri, na watu

Kaa kivulini. Sio kwa ajili ya ngozi tu, karatasi nyeupe ikipigwa na jua inakudanganya, inang'aa mno unaona rangi zako nyepesi unazidi kuzikoleza, ukifika nyumbani picha nzima nyeusi. Karatasi nayo iwe kivulini, hata kama mwenyewe uko juani.

Kaa mgongo ukiwa ukutani, sababu watoto watakuja na watajaa nyuma yako na mmoja lazima ataweka kidole kwenye rangi mbichi. Wape kipande cha karatasi na penseli nao wachore, mara nyingi wanatulia.

Sokoni kwa wavuvi salimia kwanza kabla hujafungua daftari. Shikamoo kwa wazee, eleza unachofanya, omba ruhusa, usianze kumchora mtu au kumpiga picha kimyakimya ukafikiri hajaona, ameona. Mchoro wa haraka wa chombo chake ukimchania kwenye daftari ukampa, kesho yake utapewa stuli na chai. Kaole na Boma ni maeneo ya mambo ya kale, kuna kiingilio, lipa, na waambie walinzi unachora maana utakaa muda mrefu kuliko watalii. Kaole yale ni makaburi, wapo watu wanakwenda kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa, kwaiyo usikalie kaburi, usiegemeze ubao wako kwenye nguzo, na jiwe hata dogo usiokote kama kumbukumbu, kuna sheria ya mambo ya kale toka 1964 na haichezi. Misheni ukiingia kuna ibada, uliza utaratibu.

Hatua ya nne: vipimo (hapa ndo pa kukaa sana)

Watu wanadhani picha inafanana na sehemu kwa sababu ya rangi. Hapana. Picha ya penseli tupu isiyo na rangi hata moja mtu anaitambua kama vipimo viko sawa, na picha yenye rangi zote za dunia haitambuliki kama mlango umekuwa mpana kuliko ulivyo.

Nyoosha mkono wako wote, kiwiko kisikunjike, funga jicho moja, shika penseli wima, linganisha ncha ya penseli na juu ya mlango na kidole gumba chako kiweke chini ya mlango. Umepata kipimo chako, mlango mmoja. Sasa bila kukunja kiwiko hamisha kipimo hicho juu ya ukuta, milango mingapi inaingia mpaka kwenye ukingo wa juu? Alafu kilaze, milango mingapi inaingia kwa upana wa jengo? Andika pembeni ya karatasi, mfano urefu miwili na nusu, upana saba. Kwenye karatasi chora mlango kwanza kwa ukubwa ambao utaruhusu saba ziingie, hapo wengi wanafeli, wanauchora mlango mkubwa alafu jengo linatoka nje ya karatasi wanaanza kulibana upande mmoja.

Ukishapata boksi kubwa la jengo ndo ugawe madirisha. Na madirisha yahesabu, usikadirie. Mwenyeji hajui ana kumbukumbu ya idadi ya madirisha lakini ikikosea ataona kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukuonyesha ni kipi.

Rula iache nyumbani. Majengo ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kuta zimevimba hapa zimeinama pale, ukipiga mstari wa rula unapata jengo la benki.

Hatua ya tano: mstari wa macho na mitaa

Ukiangalia bahari ule mstari ambapo maji yanakutana na anga uko sawa na macho yako, ukikaa unashuka na wewe, ukisimama unapanda na wewe. Ukiwa mtaani huuoni lakini upo, uchore kwa HB kidogokidogo kukatiza karatasi yote. Kila kilicho juu ya mstari huo, mapaa, vizingiti, kinashuka kuelekea kwenye mstari kadiri kinavyokwenda mbali. Kila kilicho chini, baraza, ukingo wa barabara, kinapanda kuufuata. Basi ndo perspektivu yote hiyo wanayotishia nayo watu.

India Street haikunyooka kama uzi kwaiyo nyumba zake haziendi zote kwenye nukta moja, kila nyumba ina nukta yake ila zote ziko kwenye mstari uleule wa macho. Ukizilazimisha nukta moja mtaa unakuwa kama bomba.

Na watu, ukiwa umesimama sehemu tambarare vichwa vya watu wazima wote vinakaa kwenye mstari wa macho, aliye karibu na aliye mbali, tofauti ni miguu tu inafika wapi. Ukiwa umekaa kwenye stuli mstari unapita vifuani mwao. Ukijua hili hutachora tena mtu anayeelea hewani mbele ya Boma.

Matao niliyoyaahidi. Chora kwanza mstatili ambao tao linakaa ndani yake kwa perspektivu yake, piga mistari miwili ya kona kwa kona, ile X inapokatana ndo katikati ya tao, kilele kinakuja juu ya hapo. Utaona nusu iliyo karibu na wewe ni pana kuliko ile ya mbali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usisahau unene wa ukuta, kwa ndani ya tao kuna ukuta mnene unaonekana upande mmoja tu. Bila unene huo Boma linakuwa la makaratasi.

Hatua ya sita: kivuli kabla ya rangi

Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee ubaki na mabaka matatu, mwanga, wastani, giza. Chora mchoro mdogo kama kadi ya simu wenye mabaka hayo matatu tu. Kama mchoro mdogo unaeleweka ukiwa umeshika mbali, endelea, kama haueleweki badilisha sehemu ya kukaa, usijidanganye kwamba rangi itaokoa.

Kingo za vivuli ziweke zote mwanzoni, dakika kumi za kwanza, alafu usizihamishe hata jua likisogea. Jua litasogea tu, saa moja baadae kila kitu kimebadilika, anayekimbizana nalo anamaliza na picha isiyo na saa.

Hatua ya saba: rangi za kwetu

Rangi sita zinatosha: nyeupe, njano, oka (ile njano ya udongo), nyekundu, ultramarini ambayo ni bluu inayoelekea zambarau, na sienna ya kuchomwa ambayo ni ile kahawia nyekundu. Nyeusi ya chupa usinunue. Ultramarini ukiichanganya na sienna ya kuchomwa unapata giza tamu, ukizidisha bluu linakuwa la baridi, ukizidisha kahawia linakuwa la joto, na giza lote la milango na madirisha litoke hapo.

Bahari. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, acheni kupaka bahari ya Bagamoyo rangi ile ya kadi za Zanzibar. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, unaleta tope, na msimu wa masika maji ya karibu na ufukwe yanakuwa kahawia kabisa, ukisogea mbali yanageuka kijani kibichi chenye vumbi, alafu kwenye upeo ndo bluu. Kiangazi yanasafika zaidi lakini bado sio yale ya Nungwi. Anza na oka na ultramarini na nyeupe kwa maji ya karibu, utashangaa jinsi inavyokubali. Wapo watakaokwambia mtalii anataka bluu, basi muuzie bluu, ila usiandike chini Bagamoyo.

Kuta za zamani sio nyeupe. Chukua nyeupe, tia oka kidogo upande wa jua, upande wa kivuli tia ultramarini kidogo na tone la sienna, na chini karibu na ardhi pasha joto sababu mchanga unarudisha mwanga wake ukutani. Palipobanduka chokaa ukaona jiwe lenyewe la tumbawe lenye vitundu, usichore kila kitundu, gusa kwa brashi kavu mara chache, ibwage. Mabati yenye kutu ni sienna ya kuchomwa na zambarau, mchana yanawaka mpaka karibu nyeupe kwenye migongo.

Kijani nacho, usitumie cha chupa. Mwembe ni kijani kizito karibu na cheusi, ultramarini na njano na sienna. Mkoko ni mwepesi na una njano nyingi. Mnazi majani yake yanameta, upande mmoja yanashika rangi ya anga. Ile barabara ya miembe ya Misheni ukiipaka kijani kimoja imekufa.

Akriliki inakauka upesi mno na upepo huu, weka kitambaa kibichi chini ya rangi kwenye sahani yako na uwe unapuliza maji kidogo. Mchanga ukiingia kwenye rangi usiufute ukiwa mbichi, acha ukauke alafu ukwangue kwa kucha.

Vitu vitatu ambavyo kila mtu atakuagiza

Mbuyu. Muda mrefu wa mwaka mbuyu hauna majani, unayapata msimu wa mvua, kwaiyo uwe na uhakika unachora mwezi gani, usipake majani ya Desemba kwenye nyasi kavu za Agosti. Anza na shina kama boksi pana, ndo uchonge mikunjo, matawi yanapungua ghafla sio taratibu. Ule wa Misheni una kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, mwenyeji wa pale ataangalia hapo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Wa Kaole unakwenda na magofu, na pale kazi ni nguzo za makaburi, zina mashimo ya duara yaliyokuwa na mabakuli ya kaure, hayo mashimo yaweke, ukiyasahau umechora nguzo tu.

Mlango wa nakshi. Usichonge nakshi yote kwa penseli utachukia maisha. Pima kwanza fremu, kizingiti cha juu, na mfaa, ule mti wa katikati uliosimama kati ya mbao mbili. Hivyo vitatu vikikaa sawa, chora nakshi kwa uangalifu kwenye kona moja tu inayopigwa na jua, kwingine kote dokezea mabaka ya giza na mwanga. Jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe.

Ngalawa. Mtumbwi mwembamba, mirengu miwili, ile miti inayokatiza juu, na matengo yale ya kuelea pande zote mbili. Wanaokosea wanauchora mtumbwi mpana kama boti ya abiria. Chora mstari mmoja wa katikati ya mtumbwi toka mbele mpaka nyuma ukiwa umepinda kidogo, jenga huku na huku. Mlingoti umelala mbele kidogo, haujasimama wima, na foromali, ule mti unaoshika tanga, inaukatiza kwa mshazari. Tanga lina viraka, viraka vyake ndo uzuri wake. Mvuvi akikuta kamba imefungwa sehemu ambayo haiwezi kufungwa picha yako kwake imeisha, kwaiyo fuatilia kila kamba inatoka wapi inaishia wapi.

Kuhamishia kwenye kitambaa

Kanvasi ya dukani ni ghali, nunua kitambaa cha marekani nzito isiyopaushwa, ivute kwenye fremu ya mbao, anza kupiga misumari katikati ya kila upande ndo uende kwenye kona. Pakaa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, ikikauka mikono miwili ya rangi ya ukuta ya emalsheni nyeupe, msasa laini katikati. Acha kitambaa cha ziada kama sentimita 4 kila upande, mnunuaji wa mbali ataitoa kwenye fremu na kuiviringisha, akifika kwake lazima apate pa kushika.

Ukitaka hardibodi na rangi za mafuta za kung'aa nayo ni njia, Edward Said Tingatinga alianzia hapo Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli. Zinang'aa vizuri ila zinachukua siku kukauka na huwezi kuchanganya vivuli laini kwa urahisi, mi kwa majengo ya mawe sizipendi, kwa vyombo vya baharini zinakubali sana.

Kabla ya kusaini onyesha watu wawili waliokulia jirani na ulichochora. Usiwaambie ni wapi. Wakitaja wenyewe, vizuri. Wakitaja alafu wakasema "ila", hiyo ila isikilize mpaka mwisho, irekebishe siku hiyohiyo rangi ikiwa bado inakubali.

Saini ndogo chini kulia, nyuma andika kwa penseli sehemu, mwezi na mwaka, na aina ya rangi. Piga picha ya kazi ukiwa kivulini, simu iwe sambamba na kitambaa isiinamie, kingo zikitoka mshazari kwenye simu mteja anadhani ni jengo lililoinama. Vanishi ya akriliki pakaa baada ya rangi kukauka kabisa, mikono miwili myembamba, siku isiyo na upepo, na ukiiviringisha kwa safari upande wenye rangi uwe nje, na karatasi safi juu yake, ndani ya bomba la plastiki, yale mabomba ya maji ya inchi nne yanapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.